Barua ya kamati ya nidhamu: maneno kwa wanaoanza kliniki ya meno

Barua ilinifikia Jumatano alasiri, koti la kliniki likiwa bado mwilini. Ilisema nimeghushi sahihi ya msimamizi mara tatu katika kitabu changu cha kliniki, na kwamba nifike mbele ya kamati ya nidhamu baada ya siku saba. Nilikuwa mwaka wa nne. Niliisoma nimesimama kando ya kiti nambari saba, mgonjwa wangu wa mwisho ameshaondoka, mikono ikinitetemeka. Sikuwa nimeghushi kitu. Nawaandikia nyinyi mnaoingia kliniki mwaka huu kwa sababu tuhuma hizi huwapata hata wasiodanganya, na siku saba ni chache mno kuanza kujifunza namna ya kujitetea.

Niwaeleze kilichotokea, maana ndani yake mna karibu kila nitakalowaambia. Katika shule ya meno hupiti kwa mtihani wa karatasi peke yake. Lazima utimize idadi ya kazi: meno mangapi umeziba, mangapi umeng'oa, mizizi mingapi umesafisha, wagonjwa wangapi umewakwangua ukoga mgumu. Kila kazi ina mstari wake kitabuni, na kila mstari unahitaji sahihi ya msimamizi. Wiki ile niliziba magego mawili na kusafisha kinywa cha mgonjwa mmoja, wote siku ya tarehe 12. Kitabu sikukijaza siku hiyo. Nilikijaza Ijumaa usiku bwenini, kwa kukumbuka, nikaandika tarehe 14. Wiki iliyofuata nikamkuta msimamizi mlangoni akitoka. Alikiweka kitabu ukutani akaitia mistari yote mitatu sahihi kwa mkupuo, kalamu ikiteleza, sahihi zikatoka zimepinda na kurefuka. Kumbe tarehe 14 alikuwa safarini, mji mwingine kabisa. Mkaguzi alipouliza, naye msimamizi akasema kwa uaminifu wake kwamba hakumbuki kuzitia.

Hebu tazameni ushahidi huo kwa jicho la mtu asiyekujua: sahihi zisizofanana na nyingine, tarehe ambayo mwenye sahihi hakuwapo, na mwenyewe hakumbuki. Wana kamati hawakuwa wabaya. Karatasi zilisema hivyo.

Kosa langu la kwanza baada ya barua lilikuwa kukimbilia kuandika. Nililelewa Pwani, na mbele ya mkubwa mazungumzo huanza kwa samahani, hata kama hujakosa, kwa sababu ni adabu. Usiku ule ule nikamwandikia mkuu wa idara barua pepe kwa Kiingereza, nikiitafsiri samahani ya nyumbani: naomba radhi sana kwa yaliyotokea. Siku ya kikao sentensi hiyo ilisomwa kwa sauti kama ungamo. Ilinichukua dakika nyingi kueleza kwamba nilikuwa naomba radhi kwa usumbufu, si kwa kughushi. Kwa hiyo, ukipata barua, jibu la kwanza liwe fupi: nimeipokea, naomba nakala ya ushahidi na kanuni ninayodaiwa kuivunja, nitajibu kwa maandishi kabla ya tarehe fulani. Heshima ibaki, shikamoo ibaki, lakini neno la radhi liandike pale tu unapojua unaomba radhi kwa jambo gani, na ulitaje.

Kisha soma tuhuma neno kwa neno. Kughushi ni kitu kimoja. Kuchelewa kujaza rekodi ni kingine. Kuandika tarehe isiyo sahihi ni cha tatu. Mimi nilikuwa na hatia ya hicho cha pili na cha tatu. Utetezi wangu wote ulisimama hapo: kukiri uzembe kwa uwazi, kwa maandishi, ukurasa wa kwanza, na kukataa udanganyifu. Wanafunzi wengi huogopa kukiri hata dogo, wakidhani litawavuta kwenye kubwa. Nimekuja kuamini kinyume. Kamati ikikukuta unakana tarehe ambayo kila mtu anaona imekosewa, haitakuamini utakapokana kughushi.

Haki zako zijue kabla hujaingia chumbani. Kwa aliye Kenya, Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inakupa haki ya kutendewa kwa utaratibu wa haki na kupewa sababu za uamuzi kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kuitekeleza ibara hiyo inataka upewe taarifa ya mapema, nafasi ya kusikilizwa, na maelezo na ushahidi utakaotumika dhidi yako. Kwa aliye Tanzania, Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya 1977 inagusa haki ya kusikilizwa kikamilifu na ya kukata rufaa. Huendi kuwasomea maprofesa katiba. Unaitumia kuomba kwa upole kile ambacho ni chako: nakala za karatasi, na muda wa kuzisoma. Nilipoomba niliongezewa siku tano, na siku hizo tano ndizo zilizoniokoa.

Sasa ushahidi. Kliniki ya meno huacha nyayo nyingi kuliko mwanafunzi anavyodhani. Faili ya mgonjwa ina maelezo ya matibabu, tena yenye sahihi ya msimamizi ya siku ile ile. Keshia ana nakala ya stakabadhi. Picha ya eksirei ina tarehe yake. Daftari la vifaa vilivyosafishwa huonyesha nani alichukua trei gani na saa ngapi. Kitabu cha miadi kipo mapokezi. Vyote vile vilisema tarehe 12, siku ambayo msimamizi alikuwapo na kila mtu alimwona.

Lakini hapa nawasihi kwa moyo wote, msiguse. Faili ya mgonjwa si yako. Usiipige picha kwa simu, usiingie chumba cha rekodi kwa kujuana na karani, usimpigie mgonjwa simu umwombe aje kukushuhudia. Ukifanya hivyo utaingia na tuhuma moja utoke na mbili, na ya pili itakuwa ya kweli, kwa sababu siri ya mgonjwa utakuwa umeivunja kweli. Mimi niliiandikia kamati barua nikataja faili tatu kwa namba zake na tarehe, nikaomba wazilete wenyewe. Ushahidi ulioletwa na kamati una uzito kuliko ulioletwa na mtuhumiwa. Na usirekebishe chochote nyuma. Ile tarehe 14 iliyokosewa niliiacha kama ilivyo, ingawa kalamu ilikuwa mkononi.

Kikaoni nilikwenda na karatasi moja ya mfululizo wa matukio, tarehe kushoto, tukio kulia, na namba ya ushahidi pembeni. Jibu swali uliloulizwa, kisha nyamaza. Kimya cha wana kamati kinatisha, nacho hukufanya uendelee kusema mpaka useme usichokijua. Kama kanuni za chuo zinaruhusu mtu wa kukusindikiza, mchukue; mimi nilikwenda na mwalimu aliyenifundisha mwaka wa pili, na kuwapo kwake tu kulinituliza.

Tuhuma za kazi ya utafiti ni mlango mwingine, na siku hizi ndio unaogongwa sana. Asilimia ya Turnitin, programu inayolinganisha kazi yako na maandishi mengine, si hukumu. Inaonyesha maneno yanayofanana, pamoja na orodha ya marejeo na sentensi za mbinu ambazo kila mtu huziandika vile vile. Omba ripoti nzima, uipitie mstari kwa mstari. Kuhusu akili unde (AI), jueni hili: mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vigunduzi kadhaa vya maandishi ya mashine kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ziliambiwa zimeandikwa na mashine. Sisi tunaojifunza Kiingereza darasani ndio tuko kwenye hatari hiyo. Andikeni kazi zenu katika programu inayohifadhi historia ya mabadiliko, na rasimu za mkono msizitupe.

Na mashine nayo hukosea kuhusu mtihani. Mwaka 2021, shule ya udaktari ya Dartmouth nchini Marekani iliwatuhumu wanafunzi 17 kudanganya, ikitegemea kumbukumbu za mfumo wa masomo uitwao Canvas. Ikaja kuonekana kwamba vifaa vyao vingeweza kuwasiliana na mfumo vyenyewe, bila mtu kuvigusa. Baadhi yao walisema walipewa chini ya saa 48 kujibu, na kwamba walishauriwa wakiri ili wahurumiwe. Tuhuma zote zilifutwa. Usikiri usilolitenda kwa ahadi ya huruma.

Kama umelitenda, hilo ni jambo tofauti, na sitawafundisha kulificha. Mwaka 2007 shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, iliwaadhibu wanafunzi 46 katika kisa cha picha za mtihani zilizofunguliwa kabla ya wakati. Tisa walifukuzwa, na wapo walioonywa tu kwa barua. Adhabu hizo hazikulingana, na nafasi ya kuzungumzia kiasi chako cha hatia unayo ukiwa umesema kweli mapema. Kikundi cha WhatsApp kinachopokea maswali usiku wa kuamkia mtihani, toka siku hiyo hiyo.

Kamati ilinifutia kughushi, ikanipa onyo la maandishi kwa kuchelewesha rekodi, na kazi zile tatu nikazirudia kwa wagonjwa wengine. Sikukata rufaa kwa sababu onyo lilikuwa la haki. Wewe ukiona si haki, hesabu siku za rufaa kuanzia tarehe iliyo kwenye barua, na upitie ngazi zote za chuo kwanza. Mahakama za Kenya kwa kawaida hukurudisha huko kama umeziruka. Barua ya uamuzi ihifadhi pamoja na karatasi zako zote. Fomu nyingi za usajili na za masomo ya juu ng'ambo huuliza kama umewahi kuadhibiwa chuoni. Mimi nimeshaijibu ndiyo mara mbili, nikaambatanisha barua ile na maelezo ya nusu ukurasa, na mara zote mbili nilikubaliwa.