Feni ya pawa saplai itazame juu au chini?

SWALI: Fundi habari za kazi. Kompyuta yangu ya mezani nikicheza gemu kama nusu saa hivi inazima ghafla, pap, utadhani mtu kachomoa waya, halafu nikiiacha kidogo inawaka vizuri tu. Nikiweka mkono nyuma pale pawa saplai (kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) inapotolea hewa pana joto kali sana. Pawa saplai imefungwa chini ya kesi na feni yake inatazama chini. Jamaa mmoja kaniambia niigeuze itazame juu ili inyonye joto la ndani, mwingine anasema nikithubutu tu nimeiua. Nishike la nani?

JIBU: Salama ndugu yangu. Kabla ya kushika la yeyote hebu niambie, hiyo kompyuta umeiweka juu ya nini? Maana hawa jamaa zako wanabishana juu na chini wakati cha kuangalia kwanza ni hewa inaingilia wapi na inatokea wapi.

Ile feni kubwa unayoiona, mara nyingi ya milimita 120 au 140, kazi yake ni kuvuta hewa kuingiza ndani ya pawa saplai, haitoi. Hewa inapita kwenye kepasita (vile vikopo vidogo vinavyotunza chaji) na vyuma vya kupozea halafu inasukumwa itokee nyuma kwenye wavu, ndiyo hiyo ya moto uliyoigusa. Sasa feni ikitazama chini maana yake inategemea matundu ya chini ya kesi, na matundu yale yana chujio la vumbi ambalo watu wengi hata hawajui kama lipo. Kompyuta ikikaa juu ya zulia miguu inazama, matundu yanaziba, na chujio nalo likishajaa vumbi mpaka limekuwa kama blanketi feni inahangaika bure hakuna inachovuta. Kwa hiyo zima, inua kesi, chomoa chujio ulioshe likauke kabisa, halafu iweke juu ya ubao au meza. Ukishawasha na gemu imekolea chukua kipande chembamba cha tishu kishikilie karibu na wavu wa nyuma. Kikisukumwa nje vizuri hewa inapita, kikining'inia tu bado kuna mahali pameziba au feni yenyewe imechoka.

Kuhusu kugeuza, haitakufa. Kesi nyingi zina matundu ya skrubu ya kufunga pande zote mbili, na kama chini ya kesi ni bati tupu lisilo na tundu hata moja basi LAZIMA itazame juu. Ila ikitazama juu inavuta hewa iliyokwisha pashwa na kadi ya grafiki iliyo hapo juu yake, na skrubu ikikuponyoka inatumbukia ndani moja kwa moja. Halafu kesi nyingi za siku hizi zina bati linalofunika pawa saplai, kama halina matundu ukigeuza umeinyonga. Kwako mimi ningeiacha chini, mradi pana nafasi ya hewa.

(Kwa wale wenye kesi za zamani ambazo pawa saplai inakaa juu, feni kubwa inatazama ndani, chini, na inasaidia kutoa joto la prosesa. Intel walipotoa mpangilio wa ATX (vipimo vya kufuata kwenye kesi, bodi na pawa saplai) mwaka 1995 wazo lilikuwa kinyume, feni ya pawa saplai ipulize kuelekea ndani iipoze prosesa, lakini hewa yenyewe ilikuwa inafika imeshapata moto, wazo likaachwa.)

Joto lenyewe linatoka wapi? Tuseme kompyuta inakula wati 400 na pawa saplai yako ina ufanisi wa asilimia 80, ukutani inavuta wati 500 na zile 100 zinageuka joto humo humo ndani ya kile kiboksi. Ikiwa ya asilimia 90 joto linashuka mpaka kama wati 44. Ndiyo maana alama ya 80 Plus, ile ya kuthibitisha ufanisi wa kuanzia asilimia 80, siyo pambo. Na kepasita zinapenda ubaridi sana, kanuni ya mafundi ni kwamba ukishusha nyuzi 10 umri wake unakaribia kuwa mara mbili.

Kuzima ghafla inaweza kuwa pawa saplai inajilinda, lakini usiihukumu peke yake, weka programu ya kusoma joto, prosesa ikikaribia nyuzi 100 basi shida iko kwenye feni yake au pesti ya kupitisha joto iliyopakwa juu yake imekauka. Prosesa na kadi zikiwa poa, hewa inapita, na bado inazima, hapo pawa saplai imechoka au wati zake hazitoshi.

SWALI: Mimi feni ya pawa saplai haizunguki kabisa nikiwa naandika tu, imekufa?

JIBU: Siyo lazima. Kuna aina ambazo feni inasimama mzigo ukiwa mdogo, nyingine zina hadi swichi ya hiyo kitu nyuma. Fungua gemu nzito uone, ikianza kuzunguka endelea na kazi zako. Ikigoma na joto linapanda, zima haraka.

SWALI: Feni inakwaruza, nataka kuifungua pawa saplai niweke oili.

JIBU: Hapana, tafadhali. Ndani kuna kepasita kubwa inayobeba zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mtu anaweza kufa hapo. Vumbi lipulize kwa nje na blowa, ukiwa umezuia mapanga ya feni kwa kijiti yasizunguke kwa kasi ya ile hewa maana beringi zinaharibika. Kama inaendelea kukwaruza na ina waranti irudishe, kama haina nunua nyingine. Na ukinunua mpya ambayo waya zake zinachomoka kwenye pawa saplai yenyewe, tumia waya zilizokuja nayo tu, za ile ya zamani hata zikiingia mpangilio wa pini unaweza kuwa tofauti, ukiwasha tu hadidiski zimeungua zote.