Upepo umepita pembeni, nyumba yangu imesimama: je, ni salama?

SWALI: Mwanangu mhandisi, hujambo? Naishi pembeni ya Uyole. Juzi jioni mvua ya mawe ilipoanza, upepo ulishuka ghafla ukaezua nyumba tatu za majirani, hatua kama themanini kutoka kwangu. Nyumba yangu ni ya tofali za kuchoma, ina lenta, ule mkanda wa zege unaozunguka kuta, na haikupoteza hata bati moja. Vijana wanasema ni tornado kama za Marekani. Ni kweli? Nyumba bado ni salama? Na siku nyingine nifungue madirisha ili upepo upite, kama ninavyoshauriwa?

JIBU: Shikamoo Mama. Pole kwa mshtuko, na nifikishie pole kwa majirani.

Naanza na la haraka: usifungue madirisha. Ushauri huo uliwahi kutolewa hata Marekani, watu wakidhani nyumba hupasuliwa na hewa iliyofungiwa ndani. Sivyo. Upepo unaopita juu ya paa huyavuta mabati kwenda juu. Ukiuachia njia ya kuingia, unayasukuma pia kutoka ndani. Funga milango na madirisha, kisha kaeni koridoni, mbali na vioo na mbali na ule ukuta wa pembetatu unaopanda hadi kilele cha paa.

Sasa jina la upepo. Kimbunga cha baharini, kama Hidaya cha Mei 2024, hutanda mamia ya kilomita. Tornado ni safu ya hewa inayozunguka kutoka kwenye wingu la radi hadi ardhini, na njia yake ni nyembamba. Lakini wingu la mvua ya mawe hufanya na jambo jingine: hewa iliyopozwa na mvua na mawe huwa nzito, huporomoka, na ikigonga ardhi hutawanyika kwa kasi kubwa. Kwa maelezo yako, nadhani hiyo ndiyo iliyowapitia.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe shambani. Profesa Ted Fujita, Mjapani aliyefanya kazi Chicago, aliona baada ya tornado nyingi za Aprili 1974 kwamba mahali pengine miti ilianguka kama miale, ikielekea nje kutoka sehemu moja. Aliwahi kuona alama kama hiyo Japani, baada ya mabomu ya atomiki ya 1945. Akatambua kwamba hapo upepo ulishuka, haukuzunguka. Basi tazama mahindi na migomba: ikilalia upande mmoja au kutawanyika kama miale, ni upepo wa kuporomoka. Ikiwa imepishana na kusokotana kwenye ukanda mwembamba, vijana wana hoja.

Kwa nyumba yako tofauti hiyo si kubwa. Upepo wa kilomita 108 kwa saa hukandamiza kwa nguvu ya kilo 56 hivi katika kila mita ya mraba, na kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Bati tunaloezekea halifiki kilo tano kwa mita hiyo hiyo. Kwa hiyo si uzito unaoshikilia paa, ni viungo: msumari na papi (mbao zinazopigiliwa bati), papi na kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), kenchi na ukuta. Kimoja kikiwa dhaifu, paa huondokea hapo.

Ndiyo maana sisemi bado kwamba nyumba yako ni salama. Imesimama, lakini imetikiswa. Mtume fundi juu, atazame misumari iliyochomoka nusu na matundu ya bati yaliyopanuka, hasa pembezoni na kwenye kona, ambako upepo huvuta zaidi. Aingie darini aone kama kenchi zimeinuka kutoka kwenye ukuta. Ukiona ufa mpya chini ya kenchi, usiupake plasta kabla haujakaguliwa. Na kama kuna mawe juu ya bati, yashushe leo. Hayazuii paa, na yakirushwa huua.

Kuhusu kufunga kenchi nina msimamo mkali, kwa sababu nyumba nyingi ninazozikagua kenchi zake zimeshikwa na misumari miwili tu. Kwako pana lenta: toboa ukuta chini yake, pitisha utepe wa chuma, uzungushe juu ya kenchi na kuukaza. Pasipo na lenta, shuka karibu mita moja, ili uzito wa ukuta ushike paa. Mji wa Moore, Oklahoma, huko Marekani, ulipigwa na tornado tarehe 20 Mei 2013, watu 24 wakafa. Mwaka uliofuata mji huo ulilazimisha nyumba mpya zihimili upepo wa kilomita 217 kwa saa, pamoja na vibanio vya chuma kati ya paa na kuta. Katikati ya tornado kali kabisa nyumba ya kawaida haiponi hata ikifungwa. Pembezoni mwa njia, pale ulipokuwa wewe, vibanio hivyo huokoa paa.

Majirani wako sasa kuta ziko wazi, na kazi hii kwao ni rahisi kuliko itakavyokuwa tena. Waambie wasikubali fundi apige bati la kwanza kabla kila kenchi haijafungwa ukutani.