Re: Dada yangu yuko Marekani anapigwa na mumewe, afanyeje?

Pole sana ndugu yangu, imeniuma kweli. Unauliza kama dada akimripoti atarudishwa Kenya na watoto, vile jamaa anavyomtishia kila siku. Mwambie dada kwamba mume siye anayeamua hilo. Kama jamaa ni raia wa Marekani ama ana grinkadi (kibali cha kuishi kule moja kwa moja), kuna sheria inaitwa VAWA, ya mwaka 1994, mke anayepigwa anajiombea makaratasi ya kukaa kule mwenyewe kwa fomu I-360, saini ya mume haihitajiki, ada hakuna, na uhamiaji hawaruhusiwi kumwambia mume chochote, watoto wa chini ya miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa wanaingia humo humo. Jamaa akiwa hana makaratasi bado kuna viza ya U, ya watu waliotendewa uhalifu, ila hiyo lazima asaidiane na polisi na foleni yake ni ndefu mno.

Lakini usalama kwanza. Apige 1-800-799-7233, simu ya msaada ya Marekani kwa wanaopigwa nyumbani, ni bure usiku na mchana, aombe mkalimani wa Kiswahili, asimtumie mtoto kutafsiri jamani. Na asipige kwa simu ambayo mume anaikagua!! Mimi nilimsindikiza jirani shelta, nyumba ya kuwahifadhi wanaokimbia kipigo, usiku wa baridi, kijana wake wa miaka 6 yuko na kandambili, kakumbatia begi la shule hataki kuliachia, kumbe mama alificha mle pasi za kusafiria na vyeti vya kuzaliwa. Hakuna aliyewauliza viza, na wakili wa bure walitafutiwa hapo hapo. Dada apige picha majeraha na makaratasi, akutumie, kisha afute.