Mzee yuko kwenye dawa za TB na bado anakohoa damu: je, inaweza kuwa saratani ya mapafu?

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba mzee wako yuko mwezi wa tatu wa dawa za kifua kikuu, makohozi yake hayakuonyesha vimelea, na bado anakohoa damu huku akizidi kukonda. Mimi si daktari. Nakujibu kama mtu aliyemuuguza mama yake mzazi kwa saratani ya mapafu.

Ndiyo, inawezekana. Kikohozi kisichokoma, damu na kukonda ni dalili za magonjwa yote mawili, na kwenye eksirei doa la saratani laweza kusomeka kama TB. Mama alianzishiwa dozi ya TB kwa eksirei peke yake, miezi ikapita, sauti ikamkauka, ncha za vidole zikavimba na kucha zikajikunja. Hakuwahi kuvuta sigara, kwa hiyo hakuna aliyeiwazia saratani, ingawa huwapata pia wasiovuta.

Msimwachishe mzee dawa kwa uamuzi wenu, ila mwombeni daktari CT (picha ya kina ya tabaka kwa tabaka) ya kifua inayoshuka hadi kwenye ini. Hata hivyo, picha huonyesha uvimbe tu. Kinachothibitisha saratani ni kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachotolewa na kupimwa maabara. Uvimbe ulio karibu na njia kubwa za hewa hufikiwa kwa bronkoskopi (mrija wenye kamera unaopitishwa kwenye njia ya hewa), na ulio pembeni hufikiwa kwa sindano inayopitishwa kati ya mbavu. Kwa mama jibu lilitoka kwenye maji yaliyokuwa yamejaa kifuani, nje ya pafu, ambayo yalinyonywa: yalikuwa mekundu yaliyopauka, yakajaza chupa, na nesi akasisitiza sehemu yake ipelekwe patholojia (maabara inayochunguza seli) saa ileile. Zilipoonekana seli za saratani ndani ya maji yale, hilo pekee liliuweka ugonjwa katika hatua ya nne, yaani ya mwisho, ambapo saratani imeshasambaa.

Majibu yakitoka, msikubali yaishie kwenye neno saratani, kwa sababu matibabu hufuata aina. Saratani ya seli ndogo, ambayo ni kama 15 katika kila wagonjwa 100, husambaa haraka na kwa kawaida hutibiwa kwa kemo (dawa kali za saratani) na mionzi, si kwa upasuaji. Zilizobaki nyingi ni adenokasinoma (inayoanzia kwenye seli zinazotoa ute), ambayo mara nyingi huota pembeni mwa pafu na ndiyo inayowapata zaidi wasiovuta, au ya skwamasi (ya seli bapa zinazofunika njia za hewa), inayohusishwa sana na sigara. Ikiwa ni adenokasinoma, ulizieni kipimo cha mabadiliko ya EGFR, jeni inayohusika na ukuaji wa seli, kwani yenye mabadiliko hayo ina vidonge vyake. Kwa ajili hiyo ombeni kipande cha kinyama kilichohifadhiwa kwenye nta kitunzwe, ili mkipewa rufaa ya hospitali ya saratani ya Ocean Road au ya Muhimbili, Dar es Salaam, mzee asilazimike kuchomwa upya.

Eksirei zote za mzee, hasa ile ya kwanza, nendeni nazo. Mtaalamu wa radiolojia atataka kulinganisha ukubwa wa doa kabla ya dawa na sasa.