Kidege hiki au kidege huyu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandaa maelezo ya picha za ndege wa Madagaska kwa wanafunzi wangu wa darasa la sita. Chini ya picha ya mdiria mmoja mdogo nimeandika: "Kindege hicho anaishi msituni na kinakula wadudu." Mwenzangu kaikosoa, ila naye hana uhakika wa jibu. Nisemeje?

JIBU: Marahaba. Mwenzako kaona vizuri. Sentensi fupi hivyo, na ngeli umeibadili mara mbili: hicho, anaishi, kinakula.

Kwanza hilo "kindege". Katika hali ya udogo, ndege huiacha n yake: kidege, kama ngoma inavyozaa kigoma.

Sasa penye utata. Ki ya kipanga, kipepeo au kifaru haisemi lolote kuhusu udogo. (Kifaru mdogo? Muulize aliyekimbizwa naye.) Ni sehemu ya jina, na mwenye jina ana uhai, kwa hiyo twasema kipanga amenyakua kifaranga, vifaru wawili wamelala. Ki ya kidege umeibandika wewe msemaji, na ukishaibandika, upatanisho huifuata: kidege hiki kinaruka, videge hivi vinaruka. Tena haiji mikono mitupu, huja na hisia: dharau, huruma au mapenzi. Nikisema "kijibwa cha jirani kimenibwekea usiku kucha", hakuna atakayedhani nilikipima urefu.

"Kidege huyu anaruka" utaisikia pia mitaani, na sababu yake naielewa: uhai wa ndege umeushinda nguvu udogo wake. Mimi kwenye maelezo ya darasani nisingeiandika.

Turudi kwa ndege wako. Bukini, kama wazee wa pwani walivyokiita kisiwa hicho, kuna mdiria wa msituni mwenye urefu wa sentimita 13 au 14 hivi na uzito wa gramu 20 hivi. Mgongo una rangi ya kutu, tumbo ni jeupe. Ni mdiria, lakini hategemei samaki. Anawinda wadudu na vyura wadogo. Kwa Kimalagasi mdiria ni vintsy, na huyu wa msituni huitwa vintsiala, maana ala ni msitu. Jina lao limetaja anakoishi, udogo wake wameuacha. Nawe uondoe kwenye jina, uuweke kwenye kivumishi: "Mdiria huyo mdogo anaishi msituni na anakula wadudu." Mdogo, si kidogo. "Mdiria kidogo" ni maneno ya mtu anayepakuliwa mchuzi.

Ungekuwa unawatungia hadithi, ningekuachia ki yako: "Kidiria kile kilitua tawini, kikatikisa kichwa, kikamdaka panzi." Hapo kinapendeza. Ila ona kilivyoanza na ki, kikaenda nayo mpaka kwa panzi.