Shangazi, nakaa baa peke yangu. Je, nina tatizo?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 38 na naishi peke yangu. Kila Ijumaa jioni huenda baa ya mtaani kwetu, nakaa kaunta na kitabu changu, nakunywa bia mbili, napiga soga na mhudumu, na saa nne niko nyumbani. Dada yangu akiniuliza nilikuwa wapi, humwambia nilitoka na wenzangu wa kazini. Juzi kanifuma. Anasema mwanamke anayekaa baa peke yake ama ana msongo wa mawazo ama anatafuta mwanaume. Nifanyeje?*
*Wa Kaunta*

Marahaba, mwanangu.

Nimelitafuta tatizo humo ndani ya baa, sikuliona. Kilichonishtua ni hao wenzako wa kazini. Umewabuni, ukawa unawatoa matembezi kila Ijumaa, na sasa dada yako anajiuliza kulikuwa na nini cha kufichwa. Hapo simlaumu sana. Hayo ya kutafuta mwanaume, lakini, kayaokota huko huko wanakoyaokota watu siku zote. Mwanaume akikaa kaunta peke yake, wanasema amechoka na kazi.

Nadhani ulidanganya kwa sababu unahisi baa nzima inakutazama. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, mwanasaikolojia Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake waliwavalisha wanafunzi fulana ya kuwatia aibu, yenye sura ya mwimbaji Barry Manilow, wakawaingiza chumbani kwa wenzao. Waliovaa walidhani karibu nusu ya waliokuwemo wameitambua sura ile. Walioitambua hawakufika hata robo. Na hicho kilikuwa chumba kimetulia, hakuna muziki wala mpira kwenye runinga.

Isitoshe, hukai peke yako kama unavyodhani. Mhudumu anayekufungulia chupa kabla hujatua mkoba, akakuuliza yule muuaji wa kitabuni ameshakamatwa au bado, si rafiki wa kumwita usiku ukiugua. Lakini watu wa namna hiyo wana uzito wao. Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn walichapisha utafiti mwaka 2014 ulioonyesha kwamba siku ambazo mtu anazungumza zaidi na watu anaofahamiana nao juujuu tu, huwa na furaha zaidi. Mtu anayeishi peke yake asiidharau salamu ya kaunta.

Bia zenyewe tuzisemee kidogo. Chupa ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi, na mwili wa mtu mzima kwa wastani huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwa hiyo mbili zako huenda bado hazijaisha mwilini unapopanda kitandani. Kahawa haiziharakishi. Kula kabla hujatoka, na gari, kama unalo, lilale nyumbani. Siku ukijikuta unamtajia mtu chupa mbili ilhali ulikunywa nne, au Ijumaa imezaa Jumanne na Jumatano, usiniandikie mimi. Nenda kamwone daktari.

Ukienda msalani, maliza glasi yako kwanza au ukirudi agiza nyingine. Ofa ya mtu usiyemjua ifunguliwe mbele ya macho yako, na unaruhusiwa kuikataa bila maelezo. Kwa vile baa iko karibu na kwako, usimtajie kila mtu nyumba unayokaa. Mhudumu akikufahamu vizuri, mwambie ukweli: fulani ananisumbua. Wahudumu wengi wanajua kumwondoa mtu bila kelele.

Kwa dada yako, nenda mwenyewe, usimwandikie ujumbe. Mwombe radhi kwa uongo, kwa uongo tu. Kisha mwambie: "Ijumaa huwa nakaa pale kaunta, nasoma, nakunywa mbili, narudi. Napapenda." Akitaka kuja kuona, aje, ila Ijumaa moja, maana na yeye akizoea utakosa pa kusomea.

Shangazi