Maswali yenu: gunia la viazi, kwaya na daftari la sadaka

*Jumapili ya mavuno nilitoa gunia la viazi. Kwenye mnada wakataja watoaji, mimi nikarukwa. Nimeumia. Je, nina kiburi? (Mama, Uyole)*

Pole, mama. Kuumia si kosa. Kosa ni kumfuata mshika kipaza sauti Jumatatu asubuhi, na nina wasiwasi ulishamfuata. Hata hivyo minada yetu ina ugonjwa. Mwenye gari anamwagiwa sifa dakika tano, huku bibi aliyeleta kuku mmoja, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba, anapita kimya kama hakuja. Mithali 27:21 inasema fedha hujaribiwa kwa kalibu (chungu cha kuyeyushia), dhahabu kwa tanuru, na mtu kwa sifa zake. Wachimbaji wa Chunya hawahitaji mahubiri hapo. Donge la zebaki na dhahabu kabla ya kuchomwa ni jeupe, linang'aa, limejaa kiganjani. Likipata moto, zebaki inapaa, kinabaki kipande cha njano cha kutafutia miwani. (Moshi ule ni sumu, jamani. Acheni kuchomea jikoni watoto wakiwepo.) Wewe moto umekupitia kando. Wa kuombewa ni yule wa dakika tano.

*Ni mstari gani unaosema Mungu huwapinga wenye kiburi?*

Yakobo 4:6. Na 1 Petro 5:5. Swali hili linarudi kila mwezi, na wengi wenu mnaliuliza kwa simu ileile yenye Biblia ndani.

*Kwaya ikimaliza watu wanapiga makofi na vigelegele. Tuwakataze?*

Waacheni. Mnaonitia shaka ni ninyi wanakwaya, mnaobishania rangi ya sare wiki tatu na wimbo mkaufanyia mazoezi Jumamosi usiku.

*Nimefiwa na mume. Siwezi kuimba sifa. Kiongozi wa maombi anasema huzuni yangu inazuia baraka. (Mafinga)*

Mwambie asome Zaburi 88 mpaka mwisho. Inaishia gizani, hakuna haleluya, na bado imo kwenye Zaburi. Wewe keti, dada yangu, wenzako waimbe kwa niaba yako mpaka sauti irudi. Naye apunguze maneno msibani.

*Mimi ni mweka hazina wa kanisa. Nikiomba stakabadhi za ujenzi, mchungaji anasema nimekosa unyenyekevu. (Tukuyu)*

Neno hilo limegeuzwa kufuli la midomo ya watu. Kunyenyekea si kufumba macho. Paulo alipopeleka mchango wa watakatifu hakuubeba peke yake: alituma na ndugu waliokubalika makanisani, mtu asije akamlaumu. Ni 2 Wakorintho 8, kuanzia mstari wa 18. Kama Paulo alitaka mashahidi, mchungaji wako ni nani? Endelea kuomba, kwa heshima na kwa maandishi. Sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua wawili, watie sahihi kabla fedha haijatoka chumbani. Akigoma, lipeleke kwenye baraza la wazee, na nakala ya barua ubaki nayo nyumbani.